Nguvu ya Maji Yaangukayo

Vijana wetu wafundishwa shuleni kwamba umeme unaowasha taa za nyumbani watoka katika maji. Hulishika neno hilo kama lilivyo, wakaliandika katika mtihani, wakafaulu. Lakini ukiwauliza swali moja dogo, wengi wao hunyamaza. Swali lenyewe ni hili: maji yakisha kutoa umeme, yamepungukiwa na nini? Je, yatokapo upande wa pili wa mtambo yamekuwa maji mapooza, yasiyoweza kustawisha mpunga wala kukata kiu?

Jibu ni kwamba hayakupungukiwa na kitu ila kimo. Yaliingia yakiwa juu, yakatoka yakiwa chini, basi. Tone halikupotea, ladha haikubadilika, na samaki aliye chini ya mtambo huogelea katika maji yale yale. Mtu akilifahamu jambo hili moja vizuri, mengine yote ya umeme wa maji atayafahamu kwa urahisi. Na atafahamu pia kwa nini umeme huu, ambao haununui mafuta wala kuni, umeleta magomvi makubwa baina ya watu wakaao juu ya mto na wale wakaao chini yake.

Na tuanze na debe. Binti achukuapo debe la maji la lita 20 kichwani, akapanda nalo ngazi hadi juu ya ghorofa, mita 6 kutoka ardhini, ametumia nguvu, na jasho lake ni shahidi. Nguvu ile haikwenda bure. Imewekwa akiba katika debe. Debe likianguka, akiba hutoka yote mara moja, na ole wake aliye chini! Lakini kama lingeshushwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu, gurudumu lingezunguka, na kazi ingefanyika. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko mtu adhanivyo. Tukihesabu uzito wa debe hilo na mita zake 6, twapata nguvu ya kuwasha taa moja ya wati 60 kwa muda wa sekunde 20 hivi. Jasho lote lile kwa sekunde 20! Ndiyo sababu hakuna mtu awashaye taa zake kwa madebe, na ndiyo sababu twautafuta mto.

Kwani mto ni debe lililokwisha pandishwa. Aliyelipandisha ni jua, kwa amri ya Mola wake. Jua huyapasha moto maji ya bahari yakawa mvuke, mvuke ukapaa, upepo ukausukuma barani, na ulipofika kwenye milima yenye baridi ukarudi kuwa maji na kushuka. Mvua iangukayo juu ya milima ya Uporoto na Kipengere, huko kusini-magharibi mwa Tanzania, imebebwa juu zaidi ya mita 2,000 bila ya mtu yeyote kulipa ujira wa hamali. Sisi twangoja tu ishuke, nasi twajiweka njiani.

Kujiweka njiani si uvumbuzi wa jana. Katika mji wa Hama, nchini Syria, yako magurudumu ya miti yazungushwayo na mto uitwao Asi. Na maana ya jina hilo ni mwasi, kwa kuwa mto huo huenda kaskazini, kinyume cha mito mingine ya nchi ile. Gurudumu lijulikanalo kwa jina la Muhammadiyya lilijengwa mwaka 1361, na kipenyo chake ni mita zipatazo 20. Mto ulilisukuma, nalo lenyewe likachota maji katika vikasha vyake na kuyamwaga juu kwenye mfereji wa mawe, yakaenda mjini hadi msikitini. Fikiri hila hiyo: mto wajipandisha wenyewe! Sehemu kubwa ya maji yasukuma na kupita zake, na sehemu ndogo yapandishwa. Watu wale hawakujua habari za umeme, lakini kanuni waliijua barabara, kwamba maji yaendayo chini yaweza kutumwa kazi.

Kilichoongezwa na watu wa zama za baadaye ni namna ya kuisafirisha kazi hiyo. Gurudumu la Hama hufanya kazi pale pale lilipo, nalo haliwezi kuwatumikia watu wa Damascus. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitikiswa karibu na waya wa shaba uliozongwa mara nyingi, umeme hupita katika waya. Hapo mlango ukafunguka. Ukiifunga sumaku kwenye mhimili wa gurudumu, gurudumu likazunguka, umeme utatoka na kupita katika nyaya hata mji ulio mbali siku kadhaa kwa miguu.

Kijana mwenye baiskeli yenye dinamo ana mtambo kamili chini ya mkono wake, wala hana haja ya kwenda Kidatu ili aone. Ndani ya kile kichupa kidogo kinachosuguana na tairi mna sumaku na waya. Na azungushe gurudumu huku dinamo haikugusa tairi, kisha aibonyeze iguse. Ataona mara moja kwamba miguu imekuwa mizito. Taa haikuwaka bure. Mguu wake ndio uilipao. Hivyo hivyo kwenye bwawa. Magharibi inapoingia na watu wa mji wakawasha taa zao, magurudumu huko mbali huwa mazito na kutaka kupunguza mwendo, na vifaa vya kuongoza mtambo hufungua milango ya maji kidogo zaidi ili mwendo usipungue. Kwa hiyo wewe ubonyezapo swichi sebuleni, kwa hakika umefungua bomba la mto, ijapokuwa kwa matone.

Wenyewe mafundi wa Kiswahili wauita utengenezaji huu kufua umeme, na neno hilo lanipendeza. Si kufua kwa nguo, la. Ni kufua kwa mhunzi afuaye chuma, ambaye hutwaa kitu kigumu kisicho na umbo na kukitoa kikiwa jembe.

Sasa twende kwenye hesabu, nayo si ngumu. Yako mambo mawili tu yatakiwayo: maji ni mengi kiasi gani, na yaanguka kutoka kimo gani. Mita moja ya ujazo ya maji ni madebe 50, na uzito wake ni kilo 1,000. Ikianguka mita moja kila sekunde, hutoa takriban kilowati 10. Zidisha maji mara mbili, nguvu itazidi mara mbili. Zidisha kimo mara mbili, nguvu itazidi mara mbili vile vile. Kwa hiyo kimo kirefu chaweza kusimama mahali pa maji mengi. Mfano wake ni mto Kihansi, mto usio mkubwa, ushukao kutoka milima ya Udzungwa. Maji yake hupitishwa katika njia zilizochimbwa ndani ya mwamba na kushuka takriban mita 850. Yahitajika mita za ujazo kama 24 tu kila sekunde, na mitambo 3 ya Kihansi yatoa megawati 180. Lakini Kidatu, ambako kimo ni takriban mita 175, yatakiwa maji zaidi ya mara tano ya hayo ili kupata megawati 204.

Gurudumu la leo halifanani na lile la Hama. Ni la chuma, lina mapanga yaliyopindwa kwa ustadi, nalo limefungiwa ndani ya nyumba ya chuma ambamo maji huingia kwa kishindo na kutoka yametulia. Jina lake turbini. Hula nguvu ya maji karibu yote: katika kila sehemu 100 za nguvu iliyomo katika maji yale, sehemu zipatazo 90 hutoka zikiwa umeme. Hakuna moto wala mashine ya dizeli iwezayo kufikia hesabu hiyo. Na sifa nyingine ambayo watu hawaisemi sana ni wepesi wake. Mtambo wa makaa huchukua saa nyingi kupata moto. Mtambo wa maji huamshwa kwa dakika chache, ukalazwa tena. Mtu akiwa na bwawa amepata akiba ya umeme, kwa kuwa maji yaliyofungiwa leo ni taa ya mwezi ujao.

Nataka akina mama na mabinti waione hesabu hii kwa kipimo cha nyumba zao, maana megawati ni neno la maofisini. Tuchukue kimo cha Kidatu, tuache upotevu wa njiani katika nyaya. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa moja, madebe 7 ya maji yameshuka mita zile 175 kwa ajili yake. Taa ya kisasa ya wati 9, yenye mwanga unaokaribia ule, yataka debe moja tu kwa saa. Birika la umeme la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 5, madebe 20 yameshuka. Na ndani ya birika huenda mlikuwa na vikombe vinne vya chai. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa nzima pasipo kupumzika imeshusha madebe zaidi ya 110. Simsemi mtu kwa kanzu yake iliyonyooka siku ya Ijumaa. Nasema tu kwamba madebe yale yapo, na kwamba kabla hayajashuka yalikuwa mahali fulani, mbele ya macho ya mtu fulani aliyeyatamani.

Ni nani huyo? Ili tumjue, tulifuate tone moja tangu juu.

Tone letu laanguka juu ya Uporoto, lashuka hadi uwanda wa Usangu katika nchi ya Mbarali. Hapo pana mashamba makubwa ya mpunga, na mifereji mingi ichotayo katika mito. Mchele wa Mbeya, ambao wapishi wa pilau wa Dar es Salaam huusifu, sehemu yake yatoka huko. Tone likipona mifereji, huingia katika kinamasi cha Ihefu, hutoka upande wa pili kwa jina la Ruaha Mkuu, hupita katika mbuga ya wanyama, na mwisho hufika Mtera. Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980, na kwanza lilikuwa ghala tu, la kuweka maji ya masika ili mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, isife njaa wakati wa kiangazi. Kisha mwaka 1988 nalo likatiwa mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Kwa hiyo tone hufanya kazi Mtera, likashuka kama mita 100. Husafiri kilomita zipatazo 170. Huingia Kidatu katika njia ya chini ya mwamba yenye urefu wa karibu kilomita 10. Hufanya kazi mara ya pili. Nalo bado ni tone lile lile, zima, halikupungukiwa.

Hiyo ndiyo raha ya umeme wa maji, na ndiyo tabu yake. Raha, kwa sababu tone moja latumika mara mbili na tatu. Tabu, kwa sababu tone lililonyweka juu halikuibiwa mtambo mmoja, limeibiwa mitambo yote iliyo chini yake. Mpunga hauyarudishi maji yote; mengi yake hupaa kuwa mvuke kwenye majani na kwenye majaruba, na mvuke hauzungushi gurudumu.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao wazee waliuona ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi katika mbuga ya wanyama, viboko wakisongamana katika madimbwi ya matope. Na Mtera kuna kipimo ambacho kila fundi wa umeme Tanzania hukijua kwa moyo: bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya bahari. Ukishuka hadi mita 690, mitambo haitakiwi kuendelea. Kati ya shibe na njaa ni mita 8 na nusu! Ukame ulioanza mwaka 2005 uliushusha uso wa maji chini ya kipimo hicho, na mwaka 2006 ukawa mwaka wa mgao mkali wa umeme nchini. Viwanda vilisimama, mafundi cherehani wakarudia cherehani za miguu, na mwenye friji ya samaki alipata hasara ambayo hakuna aliyemlipa.

Lawama zikashuka juu ya watu wa Usangu, wakulima na wafugaji pamoja, na wafugaji wengi wakaondolewa huko na mifugo yao mwaka ule na uliofuata. Lakini haki yataka tuseme upande wa pili. Wapo wataalamu waliozipima habari za bwawa wakaona kwamba Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na maji machache ya kiangazi ambayo mkulima hugombania. Nao wakaona kwamba katika miaka fulani maji yalifunguliwa kutoka Mtera kwa kiasi kisichoweza kuelezwa na kazi ya mitambo ya chini. Yaani ghala lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe naye ana la kujibu. Mimi kwa maoni yangu naona mkulima alaye na kulisha watu hawezi kuitwa mwizi wa maji. Lakini mfereji ulioachwa wazi katika mwezi ambao shamba halina hata mche mmoja, huo hauna wa kuutetea, na mifereji ya namna hiyo ilikuwako.

Ugomvi wa mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini si mgeni kwetu. Ulifika mbele ya Mtume (s.a.w.) huko Madina, katika habari za mabonde ambayo maji ya mvua hupita kuelekea kwenye mitende. Imepokewa kwamba alihukumu kuwa aliye juu aanze kunywesha, ayazuie maji mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha ayaachilie yamwendee aliye chini yake. Itazameni hukumu hiyo vizuri, ndugu zangu. Haikumnyima wa juu haki ya kutangulia, kwa kuwa mto wenyewe umemtanguliza. Wala haikumwachia apime kwa tamaa yake. Ilimpa kipimo ambacho hata mtoto aweza kukiangalia kwa macho, bila ya karani wala daftari: vifundo vya miguu. Imepokewa vile vile kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto. Wanavyuoni waliozifafanua habari hizo zamani walifikiri maji kuwa kitu kimoja na moto kitu kingine. Katika zama za Kidatu maji ndiyo moto wenyewe, na wafugaji wa Usangu waliogombania malisho walikuwa wakigombania taa zetu pasipo kujua. Washirika wote watatu wamekutana katika mto mmoja.

Shida ya kwetu ni kwamba vifundo vya Usangu havionekani kutoka Dar es Salaam. Aliye juu hajui kwamba kufunga mlango wa mfereji wake usiku kwaweza kumwangazia mtu asiyemjua. Na aliye chini anapokatiwa umeme huilaani kampuni, asiulize mto umelalaje.

Wako pia washirika wasio na ulimi wa kushtaki. Turudi kidogo Kihansi. Kabla ya mwaka 1999 maji yote ya mto ule yaliporomoka katika korongo kubwa kwa kishindo, na rasharasha zake zikalowesha nyasi za pembeni mchana na usiku, mwaka mzima. Mwaka 1996, wakati matayarisho ya mitambo yamekwisha anza, wataalamu walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, azaaye watoto hai badala ya kutaga mayai kama vyura wengine. Hakuna mahali pengine duniani alipojulikana kuishi ila katika hekta chache zile za rasharasha. Mitambo ilipoanza, maji mengi yakageuzwa kuingia mwambani, na korongo likakauka.

Hapo walifanya jambo la ajabu. Walitandaza mabomba yenye vinyunyizio kando ya maporomoko ili kuigiza rasharasha, na vyura karibu 500 wakachukuliwa kwa ndege hadi Marekani kuzalishwa katika bustani za wanyama. Kwa muda ilionekana kwamba hila imefaa. Kisha mwaka 2003 vyura wa korongoni wakafa kwa wingi sana, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulionekana kwao. Na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba hakuna aliyesalia porini. Wale wa Marekani walikuwa wamezaana. Wakaanza kurudishwa, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kuanzia mwaka 2012 korongoni kwao wenyewe, chini ya vinyunyizio.

Najua baadhi ya wasomaji watacheka: chura! Nchi nzima yangoja umeme, na sisi twalia juu ya chura? Sikatai kwamba megawati 180 ni neema kwa hospitali na mashule. Lakini nimetaja kisa hiki kwa sababu chakanusha neno tulilolisema mwanzo, au tuseme chalitilia mpaka. Maji hayapungukiwi na kitu ila kimo, kweli. Lakini pengine kimo ndicho alichokuwa akikila mtu mwingine. Yule chura hakunywa maji ya Kihansi wala kuyalimia. Yeye aliishi kwa kule kuanguka kwake tu, na kuanguka ndiko tulikokuchukua.

Sasa tulirudie tone letu, ambalo tuliliacha likitoka Kidatu. Siku za nyuma safari yake ya kazi ilikuwa imekwisha hapo. Lilikuwa likiingia Rufiji na kwenda baharini. Siku hizi yako kazi ya tatu. Ruaha Mkuu huungana na Rufiji juu kidogo ya korongo lijulikanalo kwa jina la Stiegler, na katika korongo hilo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Ujenzi ulianza mwaka 2019 kwa mikono ya makampuni ya Misri, milango ikafungwa na maji yakaanza kujaa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote 9 ilikuwa imekamilika. Kila mmoja ni megawati 235, na jumla yao megawati 2,115. Mtambo mmoja tu wa hiyo washinda Kidatu yote. Ukuta wake una kimo cha zaidi ya mita 130, na ziwa lililo nyuma yake ni kubwa kuliko kisiwa cha Mafia.

Wengi hudhani kwamba kwa bwawa hili ugomvi wa Usangu umekwisha. Umepungua, kwa kuwa Ruaha Mkuu ni mchangiaji mdogo katika Rufiji. Sehemu kubwa ya maji yatoka Kilombero, ambako mvua ni nyingi zaidi, na humo yamo pia maji ya Kihansi yakija kufanya kazi yao ya pili. Lakini Kilombero nako kuna mpunga, kuna miwa, kuna ng'ombe waliohamishwa kutoka kwingine, na kila mwaka jembe lazidi kupanda milimani. Na udongo ukilimwa ovyo hushuka na maji, ukatulia katika bwawa, ukakaa. Mchanga haupiti kwenye turbini. Hubaki nyuma ya ukuta, na kila tani moja ya mchanga yachukua nafasi ya maji ambayo hayatarudi kupata nafasi hiyo tena.

Udongo huo huo ulikuwa na wenyewe huko chini. Watu wa Rufiji wamelima kwa mafuriko tangu enzi za mababu. Mto ulipofurika ulitandaza tope lenye rutuba juu ya mabonde, ulipopungua wakapanda mazao yao katika unyevu ulioachwa nyuma, na mpunga wao ulingoja maji ya mto kama vile mpunga wa wengine ungojavyo mvua. Mbele yao mto wagawanyika matawi mengi katika msitu mkubwa wa mikoko unaotazama Mafia, mahali pa kamba na samaki, na mikoko nayo yasimama juu ya tope liletwalo na mto. Mwezi wa Aprili 2024, mvua zilipozidi na bwawa jipya likajaa, milango ya kupunguzia maji ilifunguliwa, na katika wilaya za Rufiji na Kibiti mashamba na nyumba nyingi zilizama. Serikali ilieleza kwamba mvua zile zingeleta mafuriko hata pasipo bwawa, na kwamba bwawa liliyapunguza. Wako wakazi waliosema vingine. Ukweli usiobishwa na upande wowote ni kwamba mkulima wa Utete, ambaye babu yake aliangalia mawingu ya upande wa magharibi akajua lini ahamishie chakula chake kilingoni, sasa hana budi kuuliza pia ni milango mingapi iliyofunguliwa asubuhi hii.